Waya Mweupe

Dereva wa pikapu haoni taa za tela lake. Anaona barabara, anaona dashibodi, na akitupa jicho kwenye kioo cha pembeni anaona kona ya boksi na vumbi. Zile taa nyekundu za nyuma kabisa zinaonwa na mtu mwingine asiyemfahamu, aliyebeba tani nyingi za mzigo, ambaye usiku kucha ataamua lini apunguze mwendo kwa kuzitazama hizo tu. Kwa sababu hiyo sikubali mzaha kuhusu soketi ya tela, kidude cha ukubwa wa ngumi kinachofungwa chini ya bampa, kinachopigwa na tope kuanzia masika hadi masika, na ambacho wengi wetu hukikumbuka siku ya kusimamishwa na trafiki.

Msimamo huo niliupata Ilula, mkoani Iringa. Anayetoka Dar es Salaam akishapita Mikumi na kuliacha joto la Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake, anaipanda Kitonga kwa gia ndogo, kona baada ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Akifika juu hewa inabadilika, na haupiti muda anayakuta matenga ya nyanya yamepangwa kando ya lami. Nyanya ndizo zinazosomesha watoto pale. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa akilima na kununua za wenzake, na alizisafirisha kwa Toyota Hilux ya mwaka 1994, dizeli ya lita 2.8, iliyovuta tela la ekseli moja lililoundwa na mafundi wa kuchomelea wa mjini Iringa. Likizo za shule, na baadaye nilipokuwa natafuta kazi, nilikuwa utingo wake: kupakia, kukaza turubai, kuhesabu matenga, kulala juu ya mzigo tukichelewa sokoni.

Usiku mmoja tuliteremka Kitonga tukielekea Morogoro. Tulipofika Ruaha Mbuyuni tukaegesha ili tunywe chai. Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yetu naye akaegesha, akatufuata hadi mezani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, kijana wangu.”

“Mzee, hilo tela lako limenitesa tangu juu. Ukikanyaga breki, taa zinafifia badala ya kuwaka. Halafu indiketa zote mbili zinawaka kidogo, kama zinataka kuzimika. Nimeshuka mlima mzima sijui kama unasimama au unakwenda.”

Mjomba hakubisha. Alinyanyuka, akaingia kwenye gari, akawasha taa. Mimi nikasimama nyuma.

“Mjomba, nakanyaga. Zinawaka?”

“Zinawaka, mjomba. Zote mbili. Nyekundu kabisa.”

Yule dereva alikuja kutazama kwa macho yake. Zilikuwa zinawaka kweli, tena vizuri. Akatikisa kichwa, akasema neno ambalo sikulielewa usiku ule: “Sasa limesimama. Lilipokuwa linatembea halikuwa hivi.” Akatuomba tumwache atangulie, na tukamwacha.

Wapo wenye magari ambao wangemwona yule kijana mwongo, au mwenye usingizi. Taa zimepimwa, zimewaka, basi yameisha. Mjomba aliyachukua maneno yake kama yalivyo, akayatunza, na tuliporudi Ilula akampelekea fundi wa jirani. Fundi alipima gari likiwa limesimama, akaona taa zote nzima, akabadilisha balbu moja na kuzungushia tepu mpya juu ya tepu ya zamani. Safari iliyofuata nilikaa nyuma kwenye bodaboda ya binamu yangu, tukaifuata Hilux jioni kwenye kipande cha lami chenye viraka. Niliona mwenyewe kile alichokiona dereva wa lori. Breki ilipokanyagwa, nyuma ya tela kulififia.

Ndipo tukaenda Ipogolo, pale barabara kuu inapopita chini ya mji wa Iringa na malori husimama kutengenezwa. Tulielekezwa kwa fundi umeme wa magari, mzee mwenye karakana ya mabati isiyo na kibao. “Kamwene,” akatusalimu. Tulipomaliza kumweleza hakuuliza bei ya gari wala nani alilishika kabla yake. Hakuchukua hata testa. Alisema: “Liondoeni tela kwenye gari. Shingo yake muilaze kwenye lile gogo.” Tulifanya hivyo. Tela likawa peke yake, futi mbili kutoka kwenye bampa. “Haya, sasa chomeka plagi. Mzee, kanyaga breki.”

Taa zikafifia. Indiketa mbili zikawaka kwa unyonge, rangi ya chungwa iliyochoka. Kile kilichokuwa kikitokea barabarani tu, sasa kilikuwa mbele yetu mchana kweupe, gari limezimwa, kuku wanapita.

Umeme wa betri unaotoka lazima urudi. Taa za tela zina nyaya mbalimbali za kuleta umeme, lakini taa zote zinashirikiana waya mmoja wa kurudisha, yaani ethi, ambao kwenye soketi ya pini saba ni mweupe na unakaa namba tatu. Ukikatika huo, umeme hauzimiki kwa heshima. Unatafuta njia nyingine. Kwetu ulikuwa unapita kwenye uzi wa balbu ya breki, unafika kwenye chuma cha tela, unakosa pa kwenda, unaingia kinyumenyume kwenye balbu za indiketa za tela, unafuata nyaya zake hadi kwenye gari, unapita tena kwenye indiketa za gari, na hapo ndipo unapofika kwenye bodi. Umeme uliokusudiwa balbu moja unagawanywa kwenye balbu kadhaa zilizofuatana, na kila moja inapata kidogo. Taa ndogo, ambazo kabla ya breki zilikuwa zimejipatia njia yao ya wizi kupitia balbu za breki, nazo zinapoteza nguvu breki ikikanyagwa. Mtu wa nyuma anaona kinyume cha kile alichofundishwa: breki inapunguza mwanga.

Kwa nini basi zilikuwa zinawaka vizuri tukisimama? Hapo ndipo mzee wa Ipogolo alipokuwa amewazidi wenzake. Tela likiwa limefungwa kwenye gari na kutulia, shingo yake inakalia lile tufe la chuma la kuvutia, na chuma kwa chuma hupitisha umeme. Tufe lilikuwa limeshika kazi ya waya mweupe bila kuajiriwa. Tukianza kutembea, tufe lina grisi, tela linaruka kwenye viraka, uzito unahama, mgusano unapotea na kurudi. Kila fundi aliyepima gari limesimama alikuwa anapima tufe, akidhani anapima waya.

Kitendo kile cha kulinyanyua tela na kuliweka kwenye gogo kabla ya kugusa bisibisi ndicho funzo kubwa zaidi nililolipata kwa fundi yeyote. Aliondoa kwanza kile kilichokuwa kinasaidia kwa bahati, kisha akatazama kilichobaki. Nitalirudia hili mbele kidogo, kwa sababu lilikuja kunihusu nje ya gereji.

Soketi yenyewe alipoifungua ilitoa unga wa kijani na udongo mwekundu ulioganda kama matofali. Skrubu ya namba tatu ilivunjika alipoigusa. Alivuta waya mweupe, akachuna ganda. Shaba ndani ilikuwa nyeusi. Akakata, akachuna tena, nyeusi. Maji huingia kwenye ncha ya waya na kupanda polepole kati ya nyuzi zake, chini ya ganda, mahali ambapo jicho halifiki. Aliendelea kukata hadi shaba ikang'aa, na urefu uliobaki haukutosha tena. Akasema nyaya zote zibadilishwe kutoka kwenye soketi hadi ndani ya boksi la taa za nyuma za gari. Mjomba akauliza kama haiwezekani kuunga tu. “Inawezekana,” mzee akajibu, “ila utarudi.”

Nyuma ya bampa tulikuta historia nzima ya gari. Kulikuwa na maungio ya kusokota yaliyofungwa tepu ambayo gundi yake ilikuwa imeyeyuka na kuwa lami. Kulikuwa na vile vibana vya plastiki vinavyotoboa ganda la waya ili kuiba umeme bila kukata, vyepesi kufunga na vibaya kuliko vyote kwa gari la mashambani, kwa sababu tundu vinaloliacha ni mlango wa maji. Sikusudii kumlaumu aliyevifunga. Alikuwa na mteja mwenye haraka na mzigo unaooza. Lakini kila kiungo cha namna ile kilikuwa deni, na deni la waya hulipwa na mtu wa nyuma.

Ufungaji wa soketi mpya niliutazama kwa karibu, nikishika tochi. Kwanza aliipitisha kebo kwenye kile kifuniko cha mpira cha nyuma ya soketi kabla ya kufunga waya wowote. Ukisahau hilo utafungua kila kitu upya. Kisha akanionyesha namba zilizochongwa kwenye plastiki, ndogo kiasi cha kuhitaji kidole kuzisoma. Moja, waya wa njano, indiketa ya kushoto. Mbili, bluu, taa ya ukungu, ambayo tela letu halikuwa nayo. Tatu, mweupe, ethi. Nne, kijani, indiketa ya kulia. Tano, kahawia, taa ndogo ya kulia. Sita, nyekundu, breki. Saba, nyeusi, taa ndogo ya kushoto. Namba zinasomwa upande wa nyuma, pale nyaya zinapofungwa. Anayezisoma kwa kuitazama soketi usoni atabadilisha kushoto na kulia.

Mtego mwingine ni rangi. Kebo ya tela ina rangi zake na gari lina zake, na hazikubaliani. Kwenye Hilux ile indiketa ya kushoto ilikuwa kijani chenye mstari mweusi, ya kulia kijani chenye mstari wa njano, taa ndogo kijani kitupu, na ethi mweupe wenye mstari mweusi. Anayeunga kijani kwa kijani, kwa kuamini macho, atapata indiketa ya kulia ya tela inayowaka usiku kucha pamoja na taa ndogo. Mzee alipima kila waya wa gari kwa testa huku mjomba akiwasha kimoja kimoja: indiketa, breki, taa. Gari la zaidi ya miaka ishirini limepita mikono mingi, na rangi iliyotoka kiwandani si ushahidi wa kutosha.

Ncha za nyaya zilizobanwa na skrubu hakuzitia risasi. Nilimuuliza kwa nini, kwa sababu maungio mengine alikuwa ameyachomea kwa risasi na kuyavika mpira unaosinyaa kwa moto. Akaniambia risasi ni laini, chini ya skrubu inajisogeza taratibu, na baada ya miezi skrubu inacheza. Badala yake alizikunja nyuzi za shaba mara mbili ili skrubu ipate nyama ya kuuma, akakaza, akavuta kila waya kwa vidole, akapaka vaselini juu ya yote.

Ethi aliiacha mwisho na kuipa muda mrefu kuliko nyaya nyingine zote. Alitafuta mahali safi kwenye chesisi, akakwangua rangi hadi chuma kikawa cheupe, akatoboa, akafunga waya kwa boliti yenye washa ya meno inayouma chuma, akakaza, akapaka vaselini, kisha akapiga rangi juu. Upande wa tela alifanya vilevile: waya mweupe kutoka kwenye plagi hadi kwenye fremu, halafu waya wake mwenyewe kutoka kwenye fremu hadi kila taa, bila kutegemea boliti za taa zilizoshika kutu.

Hesabu inaeleza kwa nini alihangaika. Balbu ya breki ni wati 21, ya indiketa wati 21, taa ndogo wati 5. Tela likisimama porini usiku, indiketa zote zinamulika, breki imekanyagwa, taa ndogo zinawaka: hizo ni wati 94, na kwa volti 12 ni karibu ampea 8, zote zikirudi kwa waya mmoja. Nyaya nyingine zinagawana, huo peke yake unabeba jumla. Kutu yenye ukinzani wa nusu omu tu, kitu ambacho multimita ya bei rahisi inaweza isikikamate, inakula karibu volti moja na nusu breki mbili zinapowaka. Balbu ya uzi haipungui mwanga kwa uwiano sawa na volti; kwa upungufu huo inapoteza zaidi ya theluthi ya mwanga wake. Kwa sababu hiyohiyo kupima taa moja moja hakutoshi. Taa moja ikiwaka peke yake inaweza kupita kwenye ethi mbovu bila kulalamika. Ziwashe zote pamoja, injini ikiwa inaunguruma, ndipo utajua.

Tulizipima hivyo, tela likiwa bado kwenye gogo. “Kanyaga! Achia! Kushoto! Zote!” Mzee alizunguka akatazama uso wa kila taa, kisha akaikunja kebo iliyoelekea kwenye soketi ili ining'inie chini kidogo kabla ya kupanda, maji ya mvua yadondokee pale kwenye mkunjo na kuishia hapo. Alifunga kwa kamba za plastiki mbali na bomba la moshi. Mjomba alilipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa fundi mwingine.

Nilisema funzo la gogo lilinifikia nje ya gereji. Biashara ya mjomba ilisifiwa Ilula nzima. Wakulima walimkopesha nyanya hadi atakaporudi na fedha, madalali wa Morogoro walimpa bei ya asubuhi hata akifika mchana, na sisi vijana tuliamini kwamba ni kwa sababu ya mdomo wake na sifa ya gari lake. Kisha mkewe akaugua, akalazwa kwa wiki kadhaa. Haikuchukua muda mambo yakaanza kufifia: mkulima huyu analalamika hajalipwa, yule kalipwa mara mbili, dalali anadai matenga ambayo hakuna aliyeyaandika. Hakuna kilichokuwa kimevunjika. Magurudumu yalizunguka, nyanya zilipakiwa. Ila daftari la shule ambalo mke wa mjomba alilijaza kila usiku kwa kalamu ya wino, baada ya kuosha vyombo, bila mshahara na bila mtu kulitaja, lilikuwa limefungwa kwenye mkoba wake. Yeye ndiye aliyekuwa njia ya kurudi ya kila shilingi iliyotoka.

Nilipomweleza mjomba kwamba daftari lile linapaswa kuwa kazi inayotambulika, yenye mtu wa pili anayelijua na malipo yake, alinielewa haraka. Alipopona mkewe walikaa mezani wote wawili na mimi, akatufundisha namna anavyoandika, na tangu msimu ule alipata fungu lake katika kila mzigo. Nimewahi kufanya kazi ofisini baadaye, na kila ninapoambiwa kwamba idara fulani inakwenda vizuri, huwa nauliza nani amekwenda likizo hivi karibuni na nini kilitokea alipokuwa hayupo. Mara nyingi hakuna aliyewahi kwenda. Hapo najua bado hatujapima.

Kuhusu matela ya barabara kuu nina jambo la kusema kwa wenye nayo. Tunatumia fedha nyingi kwa matairi, kwa springi, kwa turubai jipya, kwa sababu vikiharibika hasara inakuwa yetu. Taa za nyuma zikiharibika hasara inaweza kuwa ya utingo wa lori, au ya familia iliyo kwenye basi linalojaribu kulipita lori hilo. Nimepita Mikumi usiku nyuma ya pikapu iliyovuta tela lisilo na taa hata moja, mahali ambapo tembo au nyati anaweza kuwa katikati ya lami na kila mtu akalazimika kufunga breki ghafla. Kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye ubao wa nyuma hakionekani usiku. Matawi ya miti tunayotandaza gari likiharibika yanasaidia gari lililosimama. Lililo kwenye mwendo halina tawi.

Hilux iko hai bado. Binamu yangu ndiye anayeiendesha, na tela limeshabadilishwa sakafu na ekseli. Msimu uliopita alinipigia simu jioni, taa ya kulia ya nyuma ilikuwa inawaka breki ikikanyagwa tu, vinginevyo giza. Alitaka nimtafutie fundi wa kubadilisha soketi. Nikamwuliza kama amelishusha tela. Hakuwa amelishusha. Alilishusha, akaweka shingo juu ya matofali mawili, akachomeka plagi, akawasha zote pamoja. Ethi ilikuwa nzima, soketi ilikuwa nzima. Ilikuwa balbu tu, ile yenye nyuzi mbili ndani, uzi wa wati 5 umekatika na ule wa wati 21 umebaki. Alikuwa na ya akiba kwenye boksi la spana, akaibadilisha, akalifunga tena tela na kuanza kupakia.